Kitambaa cha Mfuniko

Mke wangu alipoanza kupika puto, vikeki vya mchele vya kwao, mama yangu alikuwa ameshakaa kwetu Ilford, London, karibu mwaka mzima bila ya kutia mdomoni chochote kilichotoka mkononi mwa mke wangu. Maji aliyakubali, kwa sababu yanatoka bombani. Chai aliikubali nikiitia mimi. Akiitia mke wangu, mama hukishika kikombe, akajipasha moto viganja, kisha akakiweka chini kimejaa vilevile.

"Nshashiba miye," husema. Huenda hajala kitu tangu asubuhi, lakini ameshashiba.

Mke wangu ni Mfilipino. Tulijuana miaka ya tisini, mimi dereva wa basi na yeye akifua mashuka ya hoteli moja katikati ya mji. Alisilimu kabla sijamuoa, na alisilimu kweli, si kwa kunifurahisha mimi, maana mimi wakati ule sala zangu zilikuwa za Ijumaa kwa Ijumaa. Mama yake mzazi alipopata habari aliacha kupokea simu zake. Watoto Mungu hakutujaalia. Kwa hiyo baba yangu alipofariki Unguja nikaamua kumleta mama, mke wangu alifurahi kuliko mimi. Alikwenda uwanja wa ndege na buibui jipya, amekariri maamkizi kama mtoto wa chuo cha Kurani, akamshika mama mkono akaubusu. Mama akamwachia mkono. Tulipokwisha ingia garini, mke wangu amekaa kiti cha nyuma, mama akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mkono wake huyu umeshika nguruwe miaka mingapi?"

"Mama, ameshasilimu."

"Nimesikia. Mie nimeuliza mkono."

Mke wangu alikuwa akikifahamu Kiswahili zaidi ya mama alivyodhani. Alitazama nje ya dirisha mpaka tukafika nyumbani.

Mama alikuwa mwanamke wa mwili. Koti nililomnunulia siku ile halikufunga vifungo, ikabidi nirudi dukani kutafuta la kiume. Miezi ya mwanzo alijipikia mwenyewe, kwa sufuria aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akiiosha mwenyewe na kuilaza chumbani kwake. Kisha baridi yabisi ikampanda vidoleni. Kufikia Novemba alikuwa hawezi kushika mwiko. Nikawa nampikia mimi nikirudi kazini, na kupika sijui. Wali wangu ulikuwa bokoboko, na bokoboko langu sijui lilikuwa nini. Nikiwa kazini alikula mkate wa dukani kwa chai baridi. Lile koti la kiume likaanza kumpwaya mabegani. Daktari wetu, Mhindi aliyezaliwa Nairobi, alimpima, akamaliza, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Alisema hana ugonjwa mkubwa, ila mtu wa umri wake akiendelea kupungua namna ile, homa ya kifua ya kwanza itamchukua.

Mke wangu alilisikia neno hilo akalifanya kazi yake. Alikwenda kwa wanawake wa Kizanzibari wa mtaani kwetu akajifunza pilau, akajifunza samaki wa kupaka, akajifunza mchuzi wa papa mpaka nyumba nzima ikanuka soko. Kila sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Yeye anafunika, anaweka kwenye friji, anakula mwenyewe kesho yake kazini. Mimi nilikuwa namkasirikia mama, halafu namkasirikia mke wangu kwa sababu yeye hakasiriki. Mama mzazi hakemewi, na mke asiyekosa hakemewi, nikabaki kuyakemea masufuria.

Puto hakuzipika kwa ajili ya mama. Nadhani Jumapili ile alikuwa ameshakata tamaa akatamani kitu cha kwao tu. Alikoroga unga wa mchele na sukari, maziwa, yai na beking pauda, akaumimina kwa kijiko ndani ya vikopo vidogo vilivyopakwa siagi, akavipanga kwenye chujio la bati juu ya maji yanayochemka. Zikishaumuka anafunua, anaweka kipande cha jibini juu ya kila kimoja, anafunika tena kidogo jibini ilegee. Zinatoka nyeupe, laini, na lile jicho la manjano katikati. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko, mahali alipopenda kwa sababu ya joto.

"Kitu gani hichi?"

"Puto, Mama."

"Puto si lile wanalopuliza watoto? Na hilo la manjano?"

"Jibini."

"Jibini juu ya kitu kitamu." Akanigeukia mimi. "Hawa watu walifanywa nini?"

Nilikwenda kusali Alasiri. Niliporudi niliona kwenye sahani pana pengo. Kipande cha jibini kilikuwa kimebanduliwa kikawekwa pembeni ya kisahani, kama mtu anavyoweka mwiba wa samaki. Mama alikuwa akitazama televisheni kwa makini sana, na televisheni ilikuwa imezimwa. Mke wangu amesimama karibu na sinki, kiganja mdomoni.

"Afadhali hichi," mama akasema, bila ya kumwangalia mtu. "Huu mkate wa kumimina uliokosa malezi. Lakini mkono haukuugusa. Umemiminwa kwa kijiko, umepikwa na mvuke, umeanguka wenyewe kwenye sahani. Nimetazama."

Hiyo ndiyo ilikuwa fatwa yake. Sijui aliitoa kitabu gani, na sikumuuliza, maana mtu mwenye njaa akipata njia ya kula bila ya kushindwa, usimfungie njia. Jibini tu ndiyo aliyoikataa, kwa kuwa ilikatwa na kuwekwa kwa vidole. Jumapili ya pili mke wangu aliikata kwa kisu na kuichoma kwa uma, akaiweka juu ya puto polepole, mbele ya mama, mkono wa kushoto ameuficha mgongoni. Mama alitazama kama hakimu. Siku ile alikula na jibini yake.

Tangu hapo puto zikawa za kila siku. Mke wangu alikuwa akirudi kazini, hajavua viatu, ameshabandika maji. Alianza kutia tui la kopo badala ya maziwa, kisha hiliki, na kila akiongeza kitu anasimama kando kusubiri hukumu. Mama alikuwa akihukumu kwa kula zaidi au kula kidogo. Yakapita majira ya baridi, yakapita na ya joto, mashavu ya mama yakarudi. Siku moja, nakumbuka nilikuwa navaa viatu vya kazi, nilimsikia akisema, "Mwanangu, leo chumvi umesahau." Nilidhani ananiambia mimi. Nilipoinua kichwa niliona anamwambia mke wangu. Mke wangu alichukua chumvi akaitia kwenye bakuli ambalo lilikuwa limeshaoshwa.

Nasema wazi kwamba nilikuwa na furaha mwaka ule. Nilikuwa nikiendesha basi kwenye foleni ya asubuhi nikijikuta naimba.

Tatizo la chakula cha mvuke ni mfuniko. Maji yanapanda kwa mvuke, yanagonga bati la mfuniko, yanarudi chini matone, na kila tone likianguka juu ya puto linaitoboa. Kwao huufunga mfuniko kwa kitambaa kinywe yale maji. Mke wangu alikuwa akitumia taulo la vyombo. Mama, ambaye sasa alikuwa ameshakuwa bingwa wa puto kuliko mwenyewe, akaanza kulalamika.

"Kitambaa chenu kinanuka sabuni. Puto nzuri, halafu mtu anakula dobi."

Mke wangu alilifua taulo kwa maji matupu, akalichemsha, akanunua jingine. Mama akanusa, akasema sabuni ipo palepale. Na nadhani kweli ilikuwapo. Mashine za kufulia za London hazisahau sabuni. Mke wangu akawa anatafuta kitambaa cheupe, cha pamba, ambacho hakijapita mashineni hata mara moja.

Chini ya kitanda cha mama palikuwa na sanduku lake. Humo aliweka masweta ya baridi, na mke wangu ndiye aliyekuwa akimtolea, kwa kuwa mama hakuweza tena kuinama. Asubuhi moja aliambiwa atoe sweta la buluu, mama mwenyewe akiwa msalani, na chini ya masweta akaona kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, kirefu, hakina doa, hakina pindo, hakijafuliwa kwa sabuni. Kilikuwa kikinukia marashi na udi. Mama alikuwa na vitambaa vingi, vya kushonea foronya na vya kufunikia sinia, na mke wangu alifikiri hicho ni kimojawapo. Alikata ukanda mwishoni, umenyooka vizuri, akakikunja kilichobaki kama alivyokikuta. Hakuomba, kwa sababu alitaka mama aonje kwanza ndipo amwambie.

Ilikuwa sanda. Mama aliinunua Makka alipokwenda kuhiji na baba, akaikata kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe, akaiosha kwa maji ya Zamzam, akaianika juu ya paa la nyumba waliyopanga, akakaa chini ya jua kuilinda isipeperushwe. Wazee wetu wengi wanafanya hivyo. Kila mwaka Shaabani inapoingia huifungua akaifukiza udi, kisha akairudisha. Mimi nilikuwa najua kwamba ipo, kama mtu anavyojua kwamba atakufa. Mke wangu hakujua. Alifundishwa kusali, alifundishwa kufunga, alifundishwa hata namna ya kula embe bichi kwa chumvi na pilipili. Kufa kwa Kiislamu hakuna aliyemfundisha, kwa sababu nyumbani kwetu alikuwa hajafa mtu.

Jioni ile mama alikula puto akafumba macho.

"Leo inanukia," alisema. "Umetia marashi?"

Mke wangu alicheka tu, akamwongeza nyingine.

"Inanukia kama kwetu. Nipe na ile ya mwisho."

Ikawa hivyo kwa wiki kadhaa, na mama kila siku anasifu harufu. Mimi nilikuwa nikizila pia.

Shaabani ikaingia. Niliporudi kutoka kazini nilisikia moshi wa udi kutoka chumbani, nikajua anafukiza. Kisha akaniita kwa jina la utoto, jambo ambalo halifanyi ila pana msiba. Alikuwa amekaa kitandani, sanda imetandikwa mapajani mpaka sakafuni, na vidole vyake vilivyopinda vinapapasa ule mwisho uliokatwa.

"Nani kakata?"

Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika sahani ya puto. Aliona kitambaa, akatabasamu. Alidhani siri yake nzuri imefichuka.

"Mimi, Mama. Ya puto." Akakimbilia jikoni akarudi na ule ukanda. Ulikuwa umeiva kwa mvuke, una duara za maji na madoa ya jibini. "Haina sabuni," alisema.

Mama aliupokea. Aliukunja mara moja, mara mbili, akauweka juu ya sanda, akaikunja sanda juu yake. Alipomaliza aliniambia nilirudishe sanduku chini ya kitanda. Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningeshukuru.

Nilimweleza mke wangu jikoni. Nilieleza vibaya, nikachanganya Kiswahili na Kiingereza, nikasema kitambaa cha maiti, nikasema her own, for herself, na nilivyokuwa nikisema nilimwona anahesabu kichwani zile jioni zote, zile sifa zote za harufu. Alikaa chini sakafuni. Baadaye alikwenda mlangoni mwa mama akapiga magoti, akasema samahani kwa Kiswahili, akasema kwa Kiingereza, akaisema na kwa lugha yao. Mama alikuwa ameshika tasbihi.

"Nimesikia," alisema. "Nenda kalale, mama."

Siku ya pili yake mke wangu aliomba ruhusa kazini akazunguka Ilford yote, kisha akapanda treni mpaka Southall, anatafuta kitambaa kama kile. Alikipata, na mimi niliyekiona nasema vilikuwa pacha. Mama alikishika kwa vidole viwili akakirudisha. "Hichi hakijaona Zamzam," alisema. Nikamwambia mama nitakwenda mimi mwenyewe Umra nikakioshe. Akaniambia mtu haoshewi sanda na mwanawe, na kwamba niache kumsumbua.

Puto hakuzigusa tena. Mke wangu alizipika na taulo, alizipika bila ya kitambaa, alizipika zikatoboka zote kama chujio, akamwekea karibu. Mama alikuwa akisema ameshashiba. Bokoboko langu nalo akaanza kulirudisha. Ramadhani ile alifunga, mtu ambaye daktari alimkataza kufunga, na Magharibi anafungua kwa tende moja na maji, basi. Nilimuuliza kama anamwadhibu mke wangu. Alishangaa kweli.

"Nimwadhibu kwa lipi? Hakujua. Mwenye kujua ndiye anayeadhibiwa." Kisha akaongeza: "Mie nimekula sanda yangu, mwanangu. Mtu akishaila sanda yake, atakula nini tena?"

Nilimchukia kwa neno lile, mama yangu mzazi, nikatoka nje nikasimama kwenye baridi mpaka masikio yakauma. Ningeweza kubishana na hasira. Yeye hakuwa na hasira, alikuwa amemaliza tu. Na mke wangu alikuwa anapika. Nilimwambia aache, akasema akiacha itakuwa kama amekubali.

Homa ya kifua ilikuja Januari, kama daktari alivyosema. Hospitalini walimtilia maji ya mshipa, na kila chakula kikiletwa alikigeuzia ukuta. Mke wangu alikuwa akikaa naye mchana, akimchana nywele, akimpaka mafuta kwenye vidole. Mama alikubali kuchanwa. Alikubali na mafuta. Ule mkono aliouuliza garini sasa ulikuwa ukimgeuza kitandani, ukimsafisha, na yeye haufukuzi, wala hausemeshi. Mke wangu alikuwa akisubiri lile neno tu, mwanangu, alisikie tena mara moja. Hakuniambia, lakini nani asiyejua? Kila mama alipokohoa ili aseme kitu alikuwa akiinama karibu.

Siku mbili kabla hajafariki, mke wangu akiwa ametoka kununua chai, mama alinishika mkono.

"Nikifa, mkeo aingie kuniosha."

"Umemsamehe, mama?"

"Nimesema aingie."

"Na sanda?"

"Sanda ni ileile. Usininunulie nyingine." Akafumba macho. Nilimwambia mke wangu, neno kwa neno, na aliniuliza mara nyingi kama mama alisema mkeo au alisema mwanangu. Nilimwambia alivyosema.

Tulimpeleka kuoshwa kwenye chumba cha maiti cha msikiti mmoja wa mashariki ya London, maana ndio waliokuwa na nafasi. Wanawake wawili watu wazima wa Kizanzibari waliongoza, na mke wangu akaingia nao, hajawahi kumgusa maiti maishani mwake. Mimi nilikaa ukumbini kwenye kiti cha plastiki na sanduku tupu miguuni. Nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, sioni haya kuusema. Sikumwogopea mama kaburi, wala hesabu yake. Aliiweka mwenyewe vizuri. Niliogopa kwamba sanda haitafika. Nilimwona kichwani mwangu miguu ikibaki nje, na mke wangu amesimama pale anaiona. Nikafikiri labda ndiyo sababu aliyomwitia. Mpaka leo sijui kama alimwita kama mtoto au kama shahidi.

Walikaa ndani muda mrefu. Mlango ulipofunguliwa alitoka yeye kwanza, mikono yake imekunjana kwa maji, inanuka kafuri. Hakuwa analia. Nilisimama nikauliza.

"Ilifika?"

"Ilifika," alisema. "Mama amekuwa mdogo sana. Imebaki."

Akanyoosha mikono miwili kunionyesha ni kiasi gani kilichobaki, na kilikuwa kirefu kuliko alichokata.